Reli ya Afrika ya Kati: Njia ya maili saba iliyokusudiwa kufika Ziwa Victoria

KAKAMEGA

MSAFIRI anayefika mjini Kakamega hushuka katika kituo cha matatu. Stesheni ya gari moshi hataipata hata akiitafuta kutwa nzima. Reli itokayo Kisumu hukomea Butere, na ile iendayo Uganda hupita kaskazini, kupitia Turbo, Webuye na Bungoma. Makao makuu ya kaunti yamebaki katikati, bila chuma wala mataruma.

Hata hivyo, eneo hili lilikuwa kwenye ramani ya reli kabla ya Nairobi kuwa na jina katika ramani hiyo. Zaidi ya miaka 130 iliyopita, Mumias, ambao leo ni mji wa Kaunti ya Kakamega, ulikuwa miongoni mwa vituo vikubwa vya misafara kati ya Mombasa na Buganda. Kampuni iliyotawala njia hiyo ilianza kujenga reli mwaka wa 1890 na kuipa jina la fahari: Reli ya Afrika ya Kati. Ilijengwa maili saba tu, yaani takriban kilomita 11, kisha ikasimama. Vyuma vyake vikang'olewa na kutumiwa kwa kazi nyingine. Miaka mitano baadaye, kampuni yenyewe ikafunga virago.

Habari za reli hiyo hazizungumzwi sana, kwa kuwa zimefunikwa na habari za Reli ya Uganda iliyoifuata, pamoja na simba wake wa Tsavo na vibarua wake kutoka India. Lakini ni kutokana na kushindwa kwa ile ya kwanza ndipo serikali ya Uingereza ilipobeba mzigo wa kujenga ile ya pili, na ndipo pwani yetu ilipopata mkoloni kamili badala ya mfanyabiashara mwenye hati.

Mwenye meli na Sultani

Mwanzilishi wa shughuli hii alikuwa Mskoti, Sir William Mackinnon, aliyezaliwa mwaka wa 1823 na kutajirika kwa biashara ya meli. Kampuni yake ya British India Steam Navigation ilianza kuleta meli za abiria na barua Zanzibar mwaka wa 1872. Kuanzia hapo Mackinnon akawa na mazoea na Sultani Barghash bin Said, na mwishoni mwa miaka ya 1870 alijaribu kukodi utawala wa nchi za bara zilizodaiwa na Sultani. Mazungumzo hayo hayakuzaa matunda.

Ikumbukwe kuwa Barghash mwenyewe hakuwa mgeni wa mambo ya reli. Mwaka wa 1879 aliamuru ijengwe njia nyembamba ya maili saba kutoka kasri lake mjini Zanzibar hadi Chukwani. Mabehewa yake yalivutwa kwanza na nyumbu, kisha kikaagizwa kichwa cha gari moshi kutoka Uingereza. Alipofariki mwaka wa 1888, njia hiyo nayo ikafa. Urefu wa njia ile ya Sultani na ule wa njia ya Kampuni iliyokuja baadaye ulikuwa karibu sawa, ijapokuwa ya kwanza ilikuwa ya kumpeleka mfalme kwenye kasri la mapumziko na ya pili ilinuiwa kufika katikati ya bara.

Mambo yalibadilika Wajerumani walipoingia. Carl Peters alipoanza kutia saini mikataba na machifu wa bara la Tanganyika mwaka wa 1884, Waingereza walihofia kupitwa. Mnamo Mei 24, 1887, Barghash alikubali kukipa chama cha Mackinnon haki ya kusimamia pwani kati ya Mto Umba na Kipini kwa miaka 50, bendera ikiwa ya Sultani na ushuru ukikusanywa kwa jina lake. Mnamo Septemba 3, 1888, Malkia Victoria alitoa hati ya kifalme, na chama hicho kikawa Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, iliyojulikana kwa kifupi kama IBEA.

Kwa hati hiyo, kundi la wafanyabiashara lilipata mamlaka ya dola. Kampuni ilitoza ushuru, ikaajiri askari na kuendesha mahakama. Ilitoa sarafu zake zenye jina la Mombasa na mwaka wa 1888, na baadaye stempu zake za barua. Lakini mfuko wake haukulingana na majukumu hayo. Mtaji ulioandikwa ulikuwa pauni milioni mbili, ilhali zilizochangwa mwanzoni na wenye hisa zilikuwa takriban pauni 250,000.

Matumizi yalianza mara moja. Msimamizi wa kwanza, George Mackenzie, alipofika Mombasa mwaka wa 1888 alikuta mamia ya watumwa waliotoroka wakiwa wamejihifadhi katika vituo vya misheni, hasa Rabai, na mabwana wao wakitishia kuwafuata kwa silaha. Ili kuepusha vita, aliwalipa mabwana hao fidia na watumwa zaidi ya 1,000 wakapewa hati za uhuru mwanzoni mwa 1889. Jambo hilo lilimjengea heshima, lakini halikuingiza hata ndururu moja katika hazina ya Kampuni.

Mumias, njia panda ya misafara

Kwa nini reli? Jibu lilikuwa mabegani mwa wapagazi. Kati ya Mombasa na Buganda hapakuwa na mto wa kupitisha mashua, na wanyama wa kubeba mizigo walikufa kwa mbung'o njiani. Kila kitu kilibebwa na binadamu. Mpagazi mmoja alichukua mzigo wa takriban kilo 30, na safari ilikula miezi mitatu au zaidi. Gharama ya kufikisha tani moja ya mizigo Uganda ilizidi pauni 200. Kwa bei hiyo, ni pembe za ndovu pekee zilizoweza kurudisha faida. Pamba, ngozi au nafaka zingemalizwa na gharama za njiani kabla ya kuiona bahari.

Kituo kikuu cha mwisho kabla ya Buganda kilikuwa kwa Wawanga. Joseph Thomson alipopita mwaka wa 1883, mahali hapo palijulikana kwa misafara kama Kwa Sundu, kutokana na jina la Nabongo Shiundu. Mwanawe, Nabongo Mumia, ndiye aliyekuwa amerithi kiti, na ndiye aliyeupa mji jina unaotumika hadi leo. Waswahili na Waarabu wa pwani walikuwa wamezoea kupumzika hapo, kununua chakula na kuuza nguo, shanga na bunduki. Uislamu uliopo Mumias hadi sasa ni mojawapo ya nyayo za misafara hiyo. Askofu James Hannington alipita hapo mwaka wa 1885 akielekea Busoga, alikouawa.

Mwaka wa 1889 msafara wa Kampuni, ukiongozwa na Frederick Jackson, ulipiga kambi kwa Mumia. Kisa kilichofuata ni mashuhuri. Jackson alipokuwa ameondoka kwenda kuwinda upande wa Mlima Elgon, Carl Peters aliwasili mapema mwaka wa 1890, akazifungua barua za Jackson zilizokuwa zimehifadhiwa kambini, akajua kuwa Kabaka Mwanga alikuwa akiomba msaada, kisha akakimbilia Buganda na kupata mkataba kwa niaba ya Ujerumani.

Mkataba huo haukudumu. Mnamo Julai 1, 1890, Uingereza na Ujerumani zilitia saini makubaliano ya kugawana maeneo, na Uganda ikaangukia upande wa Waingereza. Siku hizo hizo mataifa ya Ulaya yalikuwa yamekutana Brussels na kukubaliana kwamba ujenzi wa reli ulikuwa mojawapo ya njia za kukomesha biashara ya watumwa. Kwa Mackinnon, hizo zilikuwa hoja mbili kwa mpigo: Uganda ilikuwa ya Waingereza kwenye karatasi, na reli ilikuwa na baraka za dunia.

Maili saba

Ujenzi ulizinduliwa Mombasa mwaka huo wa 1890, chini ya msimamizi mpya, Sir Francis de Winton. Njia ilikuwa nyembamba, nafasi kati ya vyuma ikiwa futi mbili tu, yaani sentimita 61. Jina lililochaguliwa lilikuwa Reli ya Afrika ya Kati.

Kampuni ilikuwa na haraka ya kuonyesha kazi. Haikuwa na ramani ya kina ya njia nzima. Wahandisi hawakuwa wamepima wapi bonde la ufa lingevukwa wala wapi milima ya Mau ingepandwa. Vyuma vilitandikwa kutoka Mombasa kuelekea bara, na vilipofika takriban maili saba, fedha zikaishia hapo. Mbele kulikuwa na nyika ya Taru, isiyo na maji, na baada yake mamia ya maili ambayo hakuna aliyekuwa ameyapimia reli.

Kampuni ikageukia mradi wa bei nafuu zaidi: barabara ya mikokoteni ya ng'ombe kutoka pwani hadi Kibwezi, iliyopewa jina la Mackinnon. Baadaye serikali iliiendeleza hadi mpaka wa Uganda wa leo, ikipitia Mumias. Mji mdogo wa Mackinnon Road, katika njia ya Mombasa kwenda Voi, unalihifadhi jina hilo, ingawa wengi wa wanaosimama hapo huja kuzuru msikiti na kaburi la Sayyid Baghali Shah.

Vyuma vya reli havikuachwa vioze. Viling'olewa na vingine vikatandikwa katika kisiwa cha Mombasa kwa ajili ya vigari vidogo vya viti, vyenye paa la kitambaa, vilivyosukumwa kwa mikono. Kwa miaka mingi maofisa na wafanyabiashara walipelekwa kwa vigari hivyo kati ya Kilindini na mji wa kale, wasukumaji wakitimua mbio nyuma yao, hadi magari ya mafuta yalipovisukuma kando katika miaka ya 1920. Reli iliyokusudiwa kumpumzisha mpagazi ikaishia kumpa kazi nyingine ya kutumia nguvu za mwili wake.

Sababu za kuanguka

Wanahistoria hutaja sababu kadhaa zilizoiangusha Kampuni, na zote zinahusiana.

Ya kwanza ni Uganda yenyewe. Frederick Lugard, aliyetumwa na Kampuni, alifika Mengo mnamo Desemba 1890 na kutia saini mkataba na Mwanga. Kuishikilia nchi hiyo kulihitaji askari, na askari walihitaji chakula na risasi zilizobebwa kwa bei iliyotajwa hapo juu. Mwaka wa 1891 wakurugenzi waliamua kuondoka. Marafiki wa misheni ya Kianglikana nchini Uingereza walichanga fedha ili Kampuni ibaki hadi mwisho wa 1892, na serikali ikagharimia miezi mitatu zaidi, hadi Machi 1893.

Ya pili ni ukosefu wa bidhaa. Reli hulipwa na mizigo, na nchi kati ya Mombasa na ziwa haikuwa bado na zao la kuuza nje kwa wingi. Kampuni ilihitaji reli ili biashara ikue, na ilihitaji biashara ili reli ijengwe.

Ya tatu ni ushuru. Mapato ya forodha ya pwani yalibanwa na mikataba ya biashara huria ambayo Uingereza yenyewe ilikuwa imeikubali, huku kodi ya kila mwaka kwa Sultani ikiendelea kudaiwa.

Ya nne ni kutegemea mkono wa serikali usionyoka. Mackinnon aliamini kwamba London ingedhamini riba ya mtaji wa reli. Alichopewa ni fedha za upimaji tu, pauni 20,000, ambazo Bunge liliidhinisha mnamo Machi 1892 baada ya mjadala mkali. Upimaji huo uliongozwa na Kapteni James Macdonald wa kikosi cha wahandisi wa jeshi, aliyeondoka Mombasa mwishoni mwa 1891. Makadirio yake yalikuwa njia ya maili 657 kwa gharama ya pauni 2,240,000. Kiasi hicho kilikuwa karibu mara tisa ya fedha ambazo wenye hisa walichanga mwanzoni. Hapo ndipo ilipobainika kuwa maili saba za 1890 zilikuwa zimetandikwa kabla ya hesabu kupigwa.

Mackinnon alifariki mnamo Juni 1893, miezi michache baada ya Kampuni kuondoka Uganda.

Nani alilipa?

Mwaka wa 1895 serikali ya Uingereza iliamua kuichukua nchi. Mnamo Julai 1 mwaka huo, Kampuni ilikabidhi mamlaka na eneo lake likawa Himaya ya Afrika Mashariki. Wenye hisa walilipwa pauni 250,000.

Fedha hizo zilitoka wapi? Pauni 50,000 zilitoka katika hazina ya Uingereza. Pauni 200,000 zilizobaki zilikuwa mali ya Zanzibar. Zilikuwa ndizo fedha ambazo Ujerumani ilimlipa Sultani mwaka wa 1890 kwa pwani ya Tanganyika, zikiwa chini ya uangalizi wa Waingereza. Kwa maneno mengine, Sultani alinunua kutoka kwa Kampuni haki alizokuwa ameikodishia yeye mwenyewe, kisha haki hizo zikaendeshwa na Uingereza.

Kama malipo, Uingereza iliahidi kumpa pauni 17,000 kila mwaka: pauni 11,000 za kodi ya pwani na pauni 6,000 za riba ya zile 200,000. Utaratibu huo ndio uliokuwa msingi wa hoja ya ukanda wa maili kumi wa pwani, iliyozua mvutano mkubwa Kenya ilipokaribia uhuru, hadi makubaliano ya Oktoba 1963 yalipoufanya ukanda huo kuwa sehemu ya Kenya. Wakazi wa pwani, ambao ardhi na bandari zao zilihusika, hawakuwa na sauti katika biashara ya 1887 wala ya 1895.

Reli iliyohama

Serikali ilipoanza Reli ya Uganda, ilianza upya. Chuma cha kwanza kilitandikwa mnamo Mei 30, 1896, kwa njia pana zaidi ya mita moja. Takriban wafanyakazi 32,000 waliletwa kutoka India, na karibu 2,500 kati yao walifariki. Gharama ilifika takriban pauni milioni 5.5, zaidi ya mara mbili ya makadirio ya Macdonald.

Kwa watu wa Kakamega, jambo muhimu zaidi ni kuhama kwa njia. Upimaji wa 1892 uliikusudia reli ifike Port Victoria, kwenye ghuba ya Berkeley, katika Kaunti ya Busia ya leo. Njia ya kufika huko ingeteremka katika nchi za bonde la Mto Nzoia, jirani na Mumias. Lakini ujenzi ulipokuwa ukiendelea, wahandisi waliifupisha na kuielekeza ghuba ya Kavirondo. Mnamo Desemba 20, 1901, reli ilifika Port Florence, ambayo leo ni Kisumu.

Misafara ikakoma. Mumias, ulioneemeka kwa kuwa kila mpagazi alipita hapo, ukaanza kupitwa. C.W. Hobley, aliyekuja Afrika Mashariki kama mwajiriwa wa Kampuni, alikuwa ameufanya kituo cha serikali tangu 1895, lakini mwaka wa 1920 makao makuu ya wilaya yalihamishiwa Kakamega. Nabongo Mumia, aliyewahi kuwa mwenyeji wa wajumbe wa Kampuni, alifariki mwaka wa 1949.

Dhahabu ilipogunduliwa Kakamega mwaka wa 1931 na wachimbaji wa Kizungu wakamiminika, reli ilikuwa bado mbali na mji. Tawi la kutoka Kisumu kupitia Luanda na Yala lilifika Butere mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1930 na kukoma hapo. Sheria ilibadilika haraka zaidi kuliko reli. Mwaka wa 1932 serikali ililegeza sheria ya 1930 iliyokuwa imeahidi kulinda ardhi ya Waafrika, ili uchimbaji uendelee bila wenyeji kupewa ardhi nyingine badala ya iliyochukuliwa.

Funzo kwa leo

Kenya ya karne hii imejenga reli mpya ya kisasa kutoka Mombasa hadi Nairobi, iliyofunguliwa mwaka wa 2017, na kuifikisha eneo la Naivasha mwaka wa 2019. Mjadala uliofuata ulirejea maswali ya 1890: mizigo itatoka wapi, mkopo utalipwa na nani, na njia ikigeuzwa kidogo, ni mji gani utakaopata uhai na upi utakaopoteza?

Haifai kulinganisha mambo kupita kiasi. Kampuni ya Mackinnon haikuchaguliwa na mwananchi yeyote, na haikuwajibika kwa mtu wa Mombasa wala wa Mumias. Serikali ya leo inawajibika kwa wapiga kura, na hesabu zake zinaweza kudaiwa hadharani. Hiyo ndiyo tofauti, na ina maana tu iwapo wananchi wanazidai hesabu hizo kabla ya vyuma kutandikwa.

Mwenda pole hajikwai, walisema wahenga. Kampuni ya Mackinnon ilianza kwa jina kubwa, ikafuatiwa na vyuma, kisha hesabu. Kama ingefuata mpangilio wa kinyume, huenda isingetandika hata maili moja, na fedha za Zanzibar zingebaki Zanzibar.

Kwa muhtasari

1887: Sultani Barghash akodisha pwani kwa chama cha Mackinnon.
1888: Hati ya kifalme yaanzisha Kampuni ya IBEA.
1890: Reli ya Afrika ya Kati yaanza Mombasa, takriban maili saba zajengwa.
1891-1892: Macdonald apima njia ya Mombasa hadi Ziwa Victoria.
1893: Kampuni yaondoka Uganda; Mackinnon afariki.
1895: Kampuni yakabidhi mamlaka na kulipwa pauni 250,000.
1896-1901: Serikali yajenga Reli ya Uganda hadi Kisumu.
1920: Makao makuu ya wilaya yahamishwa kutoka Mumias hadi Kakamega.